Ramani ya dhana si kila mchoro wenye matawi

Nimesikia tena, safari hii kwa mkufunzi wa uuguzi hapa Mbeya, mchoro wenye duara katikati na matawi pembeni ukiitwa ramani ya dhana, na wanafunzi wakipewa alama kwa wingi wa matawi. Ramani ya dhana hupanga dhana katika visanduku, kuanzia iliyo pana hadi iliyo finyu, na kuziunganisha kwa mishale yenye maneno, hivi kwamba visanduku viwili na mshale wake vikisomwa pamoja hutoa sentensi inayoweza kuwa kweli au kosa.

Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliibuni mwaka 1972 walipokuwa wakifuatilia jinsi uelewa wa sayansi unavyobadilika kwa watoto. Waliegemea hoja ya mwanasaikolojia David Ausubel kwamba mtu huelewa jambo jipya anapolifungamanisha na yale anayoyajua tayari. Tangu mwanzo, basi, ilikuwa njia ya kuona kilichomo kichwani mwa mwanafunzi. Mchoro wa matawi ya rangi, uliotangazwa na Tony Buzan wa Uingereza miaka ya 1970, ni kitu kingine: unasaidia kukumbuka na kukusanya mawazo, lakini kwa kawaida mistari yake haina maneno yanayoeleza uhusiano, na mstari usiosema kitu hauwezi kusahihishwa.

Tuchukue mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi ipasavyo. Mwanafunzi wa kwanza anachora matawi: miguu kuvimba, kupumua kwa shida, furosemidi (dawa ya kuongeza mkojo), digoksini (dawa ya moyo), potasiamu (madini yaliyomo katika damu). Yote yanahusika, lakini hatujui kama anaelewa uhusiano wake. Wa pili anaandika juu ya mishale kwamba furosemidi inaweza kushusha potasiamu, kwamba potasiamu ikishuka digoksini huwa rahisi zaidi kumdhuru mgonjwa, na kwamba kwa sababu hiyo muuguzi huhesabu mapigo ya moyo kabla ya kumpa digoksini. Mishale yake imevuka kutoka tawi la dawa hadi la vipimo, kisha hadi kazi ya wodini. Na kama angeandika kwamba furosemidi huongeza potasiamu, mkufunzi angeliona kosa hilo waziwazi, ilhali katika mtihani wa kuchagua jibu lingeweza kupita bila kugunduliwa.

Ndiyo maana Novak na mwenzake Bob Gowin, walipopendekeza namna ya kusahihisha mwaka 1984, walitoa alama 1 kwa kila uhusiano sahihi, 5 kwa kila ngazi ya mpangilio, na 10 kwa kila kiungo sahihi na cha maana kinachovuka tawi moja kwenda jingine. Wapo wanaobadilisha viwango hivyo, na sioni ubaya, mradi kiungo kinachovuka kisilingane thamani na kisanduku kilichoongezwa kujaza karatasi. Jambo linaloniuma ni mwanafunzi mwenye viungo vichache vilivyofikiriwa kushindwa na mwenzake aliyenakili vichwa vya habari vya kitini.

Anayependa michoro ya matawi aendelee nayo, ila aiite mchoro wa mawazo. Akitaka kupima jinsi wanafunzi wanavyounganisha walichojifunza, awaombe waandike kitenzi juu ya kila mshale, kisha awape kazi hiyohiyo tena baada ya mafunzo ya wodini na kulinganisha karatasi mbili za mwanafunzi yuleyule.