Kwa Nini Taa ya Njano Ilikuja Mwisho

Kazi yangu ni taa za barabarani. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikifungua makabati ya chuma kwenye njia panda na kupanga kijani iwake sekunde ngapi, nyekundu ngapi. Watu huniuliza sana habari za kijani, hasa wakiwa wamekwama kwenye foleni. Ya njano hawaiulizi. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na huwezi kuielewa vizuri bila kuyajua magari ya zamani na breki zake.

Taa ya kwanza kabisa ilisimamishwa London, Desemba 1868, karibu na Bunge, wakati barabara ni za farasi na mikokoteni. Aliyeibuni, John Peake Knight, alikuwa mtu wa reli, naye akaleta barabarani alichokijua: mchana mikono ya ishara ikiinuka na kushuka, usiku taa ya gesi, nyekundu na kijani. Nyekundu ilimaanisha simama. Kijani haikuwa ruhusa kama leo. Ilikuwa onyo, pita kwa uangalifu. Askari aliiendesha kwa mkono. Januari 1869 gesi ililipuka ikamjeruhi, na taa ile haikudumu.

Taa za umeme zilizoleta mabadiliko makubwa ziliwashwa Cleveland, Marekani, tarehe 5 Agosti 1914, kwenye makutano ya Euclid Avenue na East 105th Street. Zilikuwa nyekundu na kijani tu, juu ya nguzo za pembeni, na askari aliketi kwenye kibanda akibonyeza swichi. (Anayeshangaa kuona askari wa trafiki wa Dar es Salaam au Nairobi akiongoza magari huku taa zinawaka, ajue taa na askari wameanza kazi pamoja tangu zamani.) Mfumo wa Cleveland ulikuwa na mambo mawili ninayoyaheshimu sana. Kwanza, waya zilifungwa hivi kwamba pande mbili zinazokatana haziwezi kupewa kijani kwa pamoja. Hadi leo hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu. Pili, kulikuwa na baza ya kuwatahadharisha madereva kwamba taa inabadilika. Kwangu mimi, ule mlio ndio mama wa taa ya njano.

Kwa nini tahadhari ilihitajika? Niliielewa siku nilipopewa nafasi ya kuendesha Ford Model T kwenye uwanja wa mtu anayekusanya magari ya kale. Gari hilo lilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, kwa hiyo ndilo lililojaa mitaani enzi zile. Pedali tatu zipo, ila si unazozijua. Mafuta unaongeza kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Pedali ya kushoto ndiyo gia: ukiikanyaga hadi mwisho ni gia ndogo, ukiiachia ni gia kubwa, ukiikanyaga nusu ni huru. Pedali ya katikati ni rivasi. Breki ni ya kulia, na ni mkanda unaobana ngoma ndani ya giaboksi, nguvu yake ikifika magurudumu ya nyuma peke yake.

Nilikuwa kwenye mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa mwenye gari aliponiashiria nisimame. Nikarudisha kijiti, nikakanyaga ya kushoto nusu, nikabana ya kulia. Gari likaendelea kwenda, taratibu, likilia, hadi likampita. Sasa fikiria magari mia ya namna hiyo, na kijani inageuka nyekundu ghafla.

William Potts, askari wa polisi Detroit, ndiye aliyeingiza rangi ya tatu mwaka 1920, kwenye makutano ya Woodward na Michigan Avenue, taa ikitazama pande zote nne. Hapo dereva akapata nafasi ya kumaliza kuvuka au kuanza kupunguza mwendo.

Mitandaoni husambazwa ujumbe kwamba taa za rangi tatu zilibuniwa na Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyeishi Cleveland. Si hivyo, na heshima yake haihitaji hilo. Hataza yake (hati ya kulinda ubunifu) ya Novemba 1923 ilikuwa ya nguzo yenye mikono, na ndani yake mlikuwa na hali ya kusimamisha pande zote kwa pamoja kabla ya upande mmoja kuruhusiwa.

Njano ya leo tunaipigia hesabu. Kwa gari la kilomita 50 kwa saa, tukimpa dereva sekunde 1 ya kushtuka na breki za kawaida, inatoka kama sekunde 3.3. Baada yake huwa tunaweka muda mfupi wa nyekundu pande zote, na madereva hunipigia simu wakidhani taa imeharibika. Haijaharibika. Inasubiri gari la mwisho litoke katikati.