Mkondo wa harufu: upepo unavyoamua mawindo ya kulungu malishoni

Mkondo wa harufu ni njia inayopitwa na harufu ya mwindaji hewani, tangu imtoke mpaka itawanyike. Wengi huuliza upepo unatoka wapi. Swali lenye faida zaidi ni hili: harufu yangu inakwenda kuishia wapi? Kulungu akikuona umetulia, huenda akakutazama kisha akaendelea na yake. Akisikia kijiti kikivunjika, huenda akasimama tu kusikiliza. Akikunusa, ameondoka.

Malishoni, yaani kwenye shamba ambako kulungu huja kula, ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu kulungu, hasa dume aliyekomaa, haingii ovyo. Husimama ukingoni mwa msitu, akalamba pua ili unyevu wake unase harufu, na mara nyingi huzungukia upande ambako upepo unapeleka hewa ya shamba, alinuse lote kabla ya kutoka. Sasa mwindaji aliyekaa upepo ukimpiga usoni kutoka shambani amejikinga na wale wanaokula tayari, lakini harufu yake yote inamwagika mgongoni, huko huko dume anakotokea. Ndiyo maana wazoefu huotea pembeni: upepo ukate ubavuni, mkondo upite kando kidogo ya njia ya wanyama na kuelekea wasikopita, kwa mfano juu ya maji mapana.

Halafu kuna jua. Asubuhi mteremko ukipata joto, hewa hupanda. Jioni ardhi ikipoa, hewa hushuka bondeni kama maji. Siku ya upepo mdogo, mwendo huu ndio unaotawala. Unaweza kupanda dungu juu ya mteremko alasiri, harufu ikapita juu salama, kisha jua likikaribia kuzama ikaanza kuteremka hadi kwenye malisho, saa ile ile kulungu wanapotoka. Kwa mawindo ya jioni, mimi ningekaa chini ya malisho, hewa ishuke kutoka kwao kuja kwangu.

Ukingo wa msitu nao hudanganya, maana upepo ukishavuka miti mirefu huanguka na kujizungusha. Poda inayopulizwa hewani kupima upepo hukuonyesha hatua chache tu. Unyuzi wa sufi ni bora: uachie, uufuate kwa macho, utauona ukienda mbele, ukipanda, kisha pengine ukigeuka na kurudi msituni.

Sabuni isiyo na manukato na nguo safi hupunguza harufu, haziifuti. Pumzi yenyewe inatosha kukufichua. Visikupe ujasiri wa kukaa kwenye upepo mbaya.

Kuondoka husahaulika mno. Giza likiingia, kulungu wamejaa shambani, na njia yako ya kurudi nayo inahitaji upepo mzuri. Wakikunusa hapo mara kwa mara, wataanza kuja usiku tu. Kama hakuna njia ya kutoka bila harufu kuwafikia, afadhali siku hiyo uotee kwingine.