Je, wajua kwa nini mzoa taka anakudai wewe, si halmashauri?

Jumamosi mtaani kwetu, kabla guta la taka halijafika, getini hupita watu wawili. Wa kwanza ni kijana mwenye kiroba begani. Anafungua mfuko wa taka, anachomoa chupa za maji na makopo, kisha anaufunga tena (akiwa mstaarabu). Wa pili ni dada mwenye mashine ya risiti: "Mama, ushuru wa taka." Kijana hana mkataba na mtu yeyote. Dada ametumwa na mzabuni, na mzabuni ana mkataba na halmashauri. Ajabu ni kwamba kwa miji yetu, sehemu kubwa ya kazi ya kurejeleza taka za majumbani anaifanya huyo asiye na mkataba.

Mfumo huu una historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jiji la Dar es Salaam lilikuwa linazoa taka kwa magari yake lenyewe, na mengi yalikuwa juu ya mawe. Zilizofika dampo hazikufika asilimia 5 ya taka za kila siku. Mwaka 1994 Jiji likaikabidhi kampuni moja binafsi kata 10 za katikati ya mji. Halikuilipa; liliipa haki ya kuwatoza wakazi na wenye maduka. Wengi wakagoma: kodi tunatoa, huyu naye anadai kama nani? Mwishoni mwa muongo huo kazi ikagawanywa kata kwa kata, ikapewa kampuni ndogo na vikundi vya akina mama na vijana, huku Shirika la Kazi Duniani likisaidia mafunzo. Ushuru unaodaiwa leo ni mtoto wa mpango ule.

Ndiyo maana zabuni ya taka haifanani na zabuni ya kujenga darasa. Kwenye darasa, mwenye sifa akitaja bei ndogo ana nafasi nzuri. Kwenye taka, kiasi unacholipa kimeshapangwa na sheria ndogo za halmashauri, na mzabuni hana ruhusa ya kukigusa. Sasa washindane kwa lipi? Kwa uwezo: una magari mangapi, ni yako au ya kukodi, una wafanyakazi, vifaa vya kujikinga, hati ya kulipa kodi, na umewahi kufanya kazi hii wapi. Kuna halmashauri ambazo fedha huingia kwanza kwenye akaunti yao, kisha mzabuni hupewa asilimia yake. Hapo mvutano unahamia kwenye hiyo asilimia.

Njia ya kumpata mzabuni si siri. Kazi huingizwa kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka, kisha hutangazwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika 2023. Kamati ya tathmini hupitia maombi, bodi ya zabuni huidhinisha, na mkurugenzi hutoa kusudio la kumpa mshindi kazi, ili aliyeshindwa akiona kaonewa alalamike kabla mkataba haujasainiwa. Sheria pia imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na taka ni kazi ambayo vikundi hivyo huiweza. Madiwani hawakai kwenye bodi ya zabuni, ingawa nenda kijiwe chochote uulize, utaambiwa mzabuni ni mtu wa diwani.

Shida huanza baada ya kusaini. Chukulia mtaa wa nyumba 800, kila moja ilipe shilingi 3,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni shilingi 2,400,000. Wakilipa sita katika kila kumi, inabaki 1,440,000, na humo mna mishahara, dizeli, matengenezo ya lori la Fuso na ada ya kumwaga dampo. Mzabuni aliyebanwa hupunguza safari. Mwenye nyumba naye, akiona taka zimelala wiki mbili, hagusi pochi. Kila mmoja ana haki yake, na funza wanazidi kuongezeka.

Sasa angalia kinachopakiwa kwenye hilo Fuso. Zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni za jikoni: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya mboga, makapi ya chai. Sehemu kubwa ya uzito wa vitu hivi ni maji. Mzabuni wa Kinondoni anachoma dizeli kwenye foleni mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi kupeleka maji ya maganda. Kwa hiyo kitu ambacho kingempunguzia mzigo kweli ni kuyaozesha maganda yawe mboji, yaani mbolea, na mboji haina mnunuzi anayesubiri getini.

Chupa ni kinyume chake. Zina bei, lakini hazina uzito: kilo moja ya chupa za maji za nusu lita inataka chupa 50 na zaidi. Kuzikusanya kunahitaji miguu mingi na subira, vitu ambavyo kijana wa kiroba anavyo na kampuni haina. Mkataba wa kawaida wa taka hauzungumzii kilo za chupa zilizookolewa; unazungumzia siku za kuzoa na usafi wa mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka taka zitenganishwe zinakozalishwa. Lakini ukitenganisha ndoo mbili vizuri, halafu guta likazimwaga pamoja mbele ya macho yako, mwezi ujao utatenganisha tena?

Kata ya Bonyokwa, huko Ilala, walijaribu njia nyingine. Shirika la Nipe Fagio likishirikiana na wazoa taka waliounda ushirika wao, taka huchukuliwa nyumba kwa nyumba zikiwa mafungu matatu: za jikoni, za kuuzika, na zisizofaa kwa lolote. Za jikoni hugeuzwa mboji hukohuko, na fungu la mwisho peke yake ndilo linalopanda gari la dampo. Anayeokota na anayezoa ni mtu mmoja.

Kwetu bado ni wawili. Ukilitazama Fuso la mzabuni likitoka mtaani utaona viroba vimening'inia ubavuni, vimejaa chupa. Hao ni wapakizi, wanachambua juu ya mzigo gari likiwa linatembea, na huviuza njiani kabla ya dampo.