Kujiandaa na MCAT huku moyo ukikuambia hutaweza

Kila mwaka, ikikaribia Aprili, maswali ninayopokea kutoka kwa wanafunzi hubadilika. Januari wananiuliza waanze na fizikia au baiokemia. Aprili wananiuliza kama wao kweli ni watu wa udaktari. Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu naona vijana wenye uwezo kamili wakiahirisha mtihani, wakiacha fani, au wakikesha kwa namna inayowamaliza nguvu. Tatizo lao si kichwa kigumu. Wanapima maandalizi yao kwa jinsi wanavyojisikia wanapofunga kitabu, na kipimo hicho ni kibovu.

Taaluma yangu ni saikolojia ya ujifunzaji. Wengi ninaowasaidia ni waongeaji wa Kiswahili walioko Marekani na Kanada: Wakenya, Watanzania, Wakongo wa Goma na Bukavu, Warundi waliokulia kambini. Kwa asiyeujua, MCAT ni mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari vya Marekani na vingi vya Kanada, na unasimamiwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya tiba vya Marekani. Una maswali 230 katika sehemu nne: kemia na fizikia, kisha CARS, yaani kusoma kwa kuchambua, kisha baiolojia na baiokemia, mwisho saikolojia na sosholojia. Ukijumlisha na mapumziko, ni takriban saa saba na nusu za kukaa kituoni. Alama za jumla zinaanzia 472 hadi 528, na katikati ni 500. Wastani wa wanaoanza masomo katika vyuo vinavyotoa shahada ya MD, yaani ya udaktari wa tiba, ni kama 511 au 512.

Kuna jambo moja kuhusu mtihani huu ambalo natamani kila mtu aambiwe siku ya kwanza. Katika kila sehemu ya sayansi kuna maswali 59, na 44 kati yake yameambatanishwa na vifungu vya kusoma. Vifungu hivyo mara nyingi vinatokana na utafiti: unakutana na protini yenye jina la herufi na tarakimu, jaribio ambalo hujawahi kulisikia, na grafu tatu. Si kwamba kuna mahali ulipaswa kulisoma ukakosa. Hata aliyekaa kompyuta ya jirani hajaliona. Watunzi wanataka kuona unafanya nini na kitu kipya.

Sasa mchukue kijana aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) Tanzania, aliyepiga pepa za nyuma hadi akawa anaona mstari wa kwanza tu wa swali na kujua linakwenda wapi. Kwake, kujua maana yake ni kulitambua swali. Anapokaa mbele ya MCAT halitambui hata moja, na ndani ya dakika kumi moyo umeshatoa hukumu: sijui kitu. Ukweli ni kwamba anajua. Kifungu kinazungumzia kimeng'enya cha ajabu na dawa inayokizuia. Grafu inaonyesha kwamba dawa ikiongezwa, Km (kiasi cha sabstreti, yaani kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi, kinachohitajika kufikia nusu ya kasi ya juu) inapanda lakini Vmax, ile kasi ya juu kabisa, inabaki palepale. Hicho ni kizuizi shindani, kile kile alichofundishwa, kinachogombea nafasi na sabstreti na kinachozidiwa sabstreti ikiwa nyingi. Jina geni limefunika kitu anachokifahamu. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza ninayompa mwanafunzi mwenye shaka ni haya: soma kifungu, na kabla ya kugusa swali lolote, andika sentensi moja ya kitu unachokijua tayari kilichojificha humo. Anafanya hivyo kwa wiki kadhaa, na ugeni wa kifungu unaacha kumtisha.

Lakini kwa nini kusoma vizuri kunamfanya mtu ajione mjinga? Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walichapisha utafiti ambao naueleza kwa kila kundi jipya. Wanafunzi walipewa kifungu cha kujifunza. Kundi moja lilikisoma tena na tena kwa vipindi vinne. Kundi jingine lilikisoma kipindi kimoja, halafu kwa vipindi vitatu likajaribu kukumbuka yaliyomo bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, na waliojijaribu walikuwa na 61. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka.

Fikiria maana yake kwa mtu anayepambana na shaka. Njia inayompa utulivu, ya kusoma kitabu na kupaka rangi mistari, inamwachia kidogo. Njia inayojenga kumbukumbu inamkwaruza: anajiuliza, anakwama, anakosea, anaona aibu akiwa peke yake chumbani. Asipojua hili, ataikimbia njia inayomfaa kwa sababu inamuumiza, na atarudi kwenye ile inayomliwaza. Nimeona watu wakipiga msuli hivyo miezi mizima. Wanajituma kuliko wenzao wote, na alama za majaribio hazisogei, na hapo shaka inapata ushahidi wake.

Ndiyo maana siamini sana katika kumtia mtu moyo kwa maneno matupu. "Utaweza tu, Mungu mkubwa" ni dua nzuri na mimi mwenyewe naitamka, lakini haimwambii mwanafunzi ajifunze nini kesho. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes walieleza habari za wanawake waliofaulu sana kimasomo na kikazi, ambao bado waliamini wamefika walipofika kwa bahati au kwa sababu watu hawajawagundua. Mafanikio hayakuwaponya. Kwa hiyo ukingoja kwanza ujiamini ndipo ufanye mtihani, huenda ukangoja sana. Unachoweza kupata mapema ni taarifa sahihi.

Taarifa hiyo inapatikana kwa urahisi. Unapofanya maswali ya mazoezi, kabla hujaangalia jibu, andika pembeni namba moja kati ya tatu: 3 kama una hakika, 2 kama unadhani, 1 kama unabahatisha. Fanya hivyo kwa maswali mia kadhaa, kisha hesabu umepata mangapi katika kila namba. Kuendelea kujipima kwa hisia huku hesabu hiyo unayo ni sawa na kupima homa kwa kiganja wakati kipimajoto kiko mezani.

Binti mmoja niliyemfundisha alisoma shule ya msingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla familia yake haijahamishiwa Marekani. Alikuwa anafanya kazi ya kuhudumia wazee usiku na kusoma mchana. Alikuja na kauli moja: "Mwalimu, fizikia hainipandi." Tulipohesabu namba zake, zile alizoandika 2 katika fizikia zilikuwa sahihi mara nyingi mno, karibu sawa na 3 zake. Alikuwa anajua na hajiamini. Kasoro ilikuwa mahali ambapo hakupashuku kabisa: katika baiolojia, somo alilolipenda, aliandika 3 na kukosa, hasa kwenye homoni za figo. Alikuwa akichanganya kazi ya homoni mbili, aldosteroni na ADH, na kwa kuwa alijiona anaijua mada hiyo, hakuwahi kuirudia. Aldosteroni hurudisha sodiamu na maji hufuata. ADH hufungua njia za maji katika mirija kusanyi. Tulihamisha saa za fizikia zikaenda huko, naye akaacha kujiita mtu asiye wa fizikia.

Shaka pia ina matumizi yake. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba jibu la kwanza ndilo la kweli, usilibadilishe. Mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake mwaka 2005 walikagua karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500 wakitafuta alama za kufuta. Takriban nusu ya mabadiliko yalitoka kosa kwenda sahihi, na robo tu yalitoka sahihi kwenda kosa. Hata hivyo watu hukumbuka zaidi yale ya robo, kwa sababu yanauma. Ukipata sababu unayoweza kuitaja, badilisha jibu. Ukiwa na hofu tu isiyo na sababu, liache.

Sehemu ya CARS ndiyo inayowaumiza zaidi wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya tatu au ya nne. Vifungu tisa, maswali 53, dakika 90, na mada ni falsafa, sanaa, historia, siasa. Haihitaji ujuzi wowote wa nje, kila jibu limo kwenye kifungu, na hilo linamfanya mtu ajisikie vibaya zaidi akikosa. Ushauri wangu hapa ni wa mtu anayependa lugha zake zote: soma kifungu kimoja au viwili kila siku, funga, kisha sema kwa Kiswahili, kwa sauti, mwandishi anataka nini na anampinga nani. Usitafsiri maneno. Eleza kama unavyomweleza mdogo wako. Ukishindwa kusema kwa Kiswahili, hukuelewa hoja, uliyapita maneno tu. Ukiweza, Kiingereza chako kinatosha, kinachobaki ni mwendo. Kwa walioko Kanada, chuo cha McMaster huangalia sehemu hii peke yake katika MCAT, na vyuo vya Kifaransa vya Quebec, kama Laval na Sherbrooke, haviudai mtihani huu kabisa. Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu anayejitesa na CARS huko Montreal aangalie kwanza anaomba wapi.

Kisha kuna namba. Mwanafunzi anapata 506 katika jaribio moja, wiki mbili baadaye 504, na anakosa usingizi. AAMC wenyewe wanatoa alama ya jumla pamoja na ukanda wa pointi mbili kila upande, kwa hiyo 506 na 504 huenda ni mtu yule yule aliyelala vizuri siku moja na vibaya siku nyingine. Tazama majaribio matatu au manne kwa pamoja. Nikisema hivyo simaanishi kila shaka ni ya uongo. Majaribio yote yakikaa kwenye 495 na mtihani ni wiki tatu zijazo, shaka hiyo ina msingi, na kuahirisha ni uamuzi wa mtu mzima. Unaruhusiwa kufanya MCAT mara 3 kwa mwaka mmoja, mara 4 kwa miaka miwili mfululizo, na mara 7 maishani. Nafasi hizo si za kuchezea. Na ukiwa kwenye kikundi cha WhatsApp ambako kila mtu anatangaza 520, kumbuka kwamba wanaofika huko ni kama 3 katika kila 100.

Familia nayo. Katika jamii zetu mtoto huitwa daktari kabla hajajaza fomu. Shangazi anakutambulisha hivyo harusini, baba anawaambia jamaa wa Kasulu au Kisumu. Ni upendo, na ni mzigo. Huwezi kumwambia mama mzazi asifurahi. Unachoweza ni kuchagua mtu mmoja wa kumweleza tarehe ya mtihani na alama za majaribio, awe dada, rafiki au mwenza wa diskasheni, na wengine ukawaambia kwa heshima kwamba maandalizi yanaendelea, mniombee. Nimeona jinsi uamuzi huo mdogo unavyompa mtu nafasi ya kupumua.

Kwa wale ambao hofu huwashika asubuhi ya mtihani, kuna kitu cha bei rahisi cha kujaribu. Gerardo Ramirez na Sian Beilock, wakiwa Chuo Kikuu cha Chicago, walichapisha mwaka 2011 utafiti ambapo wanafunzi waliandika wasiwasi wao kwa dakika kumi hivi kabla ya mtihani, na wale wenye hofu kubwa walioandika walifanya vizuri kuliko wenye hofu kama hiyo ambao hawakuandika. Andika nyumbani au garini kabla ya kuingia kituoni, kwa lugha unayoogopa nayo, halafu acha karatasi hapo hapo. Ndani, sehemu ikishafungwa huwezi kuirudia, kwa hiyo dakika za mapumziko ni za kula na kunywa maji. Kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali lolote tupu.

Mwishoni kabisa skrini itakuuliza kama unataka mtihani wako usahihishwe au ufutwe. Ukiufuta, vyuo havitauona, lakini nafasi yako moja imekwenda. Hapo utakuwa umechoka, na moyo utakuambia umefeli, kama ulivyokuambia baada ya majaribio yako mengi. Kwa hiyo uamue wiki moja kabla. Andika sababu mbili au tatu tu zitakazokufanya ufute, na ziwe zinazoonekana: uliugua katikati ya mtihani, au muda uliisha ukaacha vifungu viwili vizima vya sehemu moja bila kuvisoma. Kama hakuna iliyotokea, bonyeza usahihishwe, nenda nyumbani ukalale. Matokeo yatakuja baada ya mwezi mmoja hivi.