Rangi ya radiamu na ugonjwa unaochelewa: kwa nini kumbukumbu za mionzi hazifungwi mtu anapoacha kazi

Wakati wa ukaguzi wa vyanzo vya mionzi viwandani, wataalamu wetu huulizwa na wafanyakazi, na hata na baadhi ya waajiri, kuna haja gani ya kutunza kumbukumbu za vipimo vya mionzi vya mtu aliyekwisha kuacha kazi akiwa mzima. Jibu lilipatikana Marekani karibu miaka mia moja iliyopita, na lilipatikana kwa gharama kubwa.

Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka nyuso za saa rangi iliyochanganywa radiamu, metali itoayo mionzi, na salfaidi ya zinki ili namba zing'ae gizani. Walielekezwa kuchongoa ncha ya brashi kwa midomo, na kwa kila namba walimeza rangi kidogo, ilhali wakemia wa kiwanda hichohicho walijikinga kwa ngao za metali ya risasi na kushika radiamu kwa koleo. Mwili huipokea radiamu kama kalsiamu na kuiweka mifupani, ambako hutoa chembe za alfa, aina ya mionzi, kwa miaka mingi, kwa kuwa nusu yake tu huoza katika takriban miaka 1,600.

Meno yaling'oka, taya zikaoza, wengine wakapata upungufu mkubwa wa damu au saratani ya mifupa, mara nyingi miaka kadhaa baada ya kuondoka kiwandani. Mollie Maggia, mmoja wa wapakaji hao, alipofariki mwaka 1922, cheti chake kiliandikwa kaswende. Mwili ulipofukuliwa mwaka 1927, mifupa ilikutwa na mionzi. Mwaka huohuo mpakaji mwingine, Grace Fryer, na wenzake wanne walifungua shauri, na utetezi mkubwa wa kampuni ukawa kwamba muda wa kisheria wa miaka miwili wa kudai umepita, kana kwamba mtu angeweza kudai fidia ya ugonjwa ambao haujajitokeza. Shauri liliishia kwa makubaliano mwaka 1928: kila mmoja alipewa dola 10,000, malipo ya dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu.

Hapa hatuna budi kusema wazi jambo tunalolirudia kila mwaka. Wapo wanaoamini kwamba kunywa maziwa huwakinga wanaofanya kazi na mionzi, lakini maziwa hayaondoi mionzi mwilini. Ni chakula kizuri, na mwajiri akiyagawa hatumzuii, lakini hayawezi kuwa mbadala wa glovu, mfumo wa kuvuta hewa chafu wala marufuku ya kula sehemu ya kazi. Vilevile, si kila king'aacho gizani kina radiamu: saa nyingi za sasa hutumia rangi inayohifadhi mwanga tu. Wanaopaswa kuwa waangalifu ni mafundi wa saa za zamani na wauzaji wa vyuma chakavu wanaopokea mita za ndege na meli kuukuu. Kifaa cha aina hiyo kisifunguliwe wala kukwanguliwa, bali kitengwe na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ipewe taarifa. Kumiliki, kuingiza nchini au kusafirisha chanzo cha mionzi bila kibali kinachohitajika ni kosa chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003.

Kwa waajiri, kikomo cha kimataifa cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka katika miaka mitano mfululizo, bila kuzidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Beji ya kifuani ya kupima mionzi peke yake haitoshi palipo na vumbi au rangi ya radiamu, kwa kuwa haioni alfa iliyomezwa. Hapo hupimwa mkojo au radoni, gesi itokanayo na radiamu, katika pumzi. Kwa viwango vya kimataifa, matokeo hutunzwa angalau hadi mhusika afikishe, au angefikisha, umri wa miaka 75, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30 tangu aache kazi hiyo. Kiwanda kikifungwa, mwajiri aweke utaratibu wa kumbukumbu hizo kuendelea kutunzwa, na mfanyakazi aombe nakala yake kabla ya kuondoka.