Nondo haipiti kwenye mita

Februari 2022, watazamaji wa Olimpiki ya majira ya baridi mjini Beijing waliwaona wanamichezo wakiruka kwenye theluji, na nyuma yao imesimama minara minene ya zege. Ni minara ya kupozea maji ya kiwanda cha chuma cha Shougang, kilichoanzishwa 1919. Matanuru yake ya pale mjini yalizimwa kabisa kufikia mwanzoni mwa 2011, na kazi ikahamia Caofeidian, pwani ya mkoa wa Hebei. Beijing ikapata hewa safi zaidi, na hesabu yake ya hewa ukaa ikapungua. Lakini Beijing haikuacha kujenga kwa chuma.

Kazi yangu ni kufuatilia nishati inayosafiri hivyo, ikiwa imejificha ndani ya bidhaa.

Chukua nondo moja ya milimita 12, ile ya mita 12 ambayo huwa inakunjwa katikati ili ienee kwenye gari. Uzito wake ni karibu kilo 10.7. Chuma kinachoyeyushwa kutoka kwenye mawe ya madini kwa tanuru la makaa hula kama gigajuli 20 kwa tani na kutoa kama tani 2 za hewa ukaa. Piga hesabu: nondo hiyo imebeba nishati ya uniti 59 hivi za umeme, na kilo 21 za hewa ukaa zimeandikwa kwenye daftari la mkoa ulioitengeneza. Anayeimwagia zege haandikiwi kitu.

Umeme ukivuka mpaka wa mkoa, kuna mita. Njia ya Zhangbei, iliyowashwa 2020 kupeleka Beijing umeme wa upepo na jua, inajulikana imepitisha kiasi gani. Nondo, saruji na vioo havipiti kwenye mita yoyote. Ndiyo maana tunategemea jedwali la pembejeo na mazao, linaloonyesha kila sekta ya uchumi inauziana nini na nyingine, kazi iliyompatia mchumi Wassily Leontief Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1973. Ukilisoma kwa mlalo unaona sekta imemuuzia nani. Ukilisoma kwa wima unaona imenunua nini na wapi. Nguvu yake ni kwamba haliishii kwa muuzaji wa kwanza. Jengo linataka nondo, nondo inataka makaa, mgodi unataka mashine, na mashine inataka chuma tena. Ukifuata mnyororo huo hadi mwisho, makaa ya Shanxi na Mongolia ya Ndani, mikoa ya China yenye migodi, yanaibukia kwenye ghorofa la mjini ambako hakuna hata bomba moja la moshi.

Utafiti uliochapishwa 2013, kwa takwimu za 2007, ulikuta kwamba asilimia 57 ya hewa ukaa ya China ilitokana na bidhaa zilizotumiwa nje ya mkoa zilikotengenezwa. Zaidi ya nusu!

China imeahidi kufikia usawa wa kaboni, yaani kutotoa hewa ukaa kuliko inayoondolewa, kabla ya 2060. Ahadi ni ya taifa, ila utekelezaji unagawanywa kimkoa, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Ukipima kwa mabomba ya moshi peke yake, mkoa tajiri unasifiwa kwa kuhamisha kiwanda. Ukipima kwa mtumiaji peke yake, mwenye tanuru hana sababu ya kulibadilisha, na ni yeye tu anayeweza kulibadilisha. Msimamo wangu ni kwamba hesabu zote mbili ziwekwe mezani, na mnunuzi achangie gharama ya matanuru mapya ya Hebei. Soko la taifa la kaboni, ambako viwanda huuziana vibali vya kutoa hewa ukaa, lililoanza Julai 2021 kwa mitambo ya umeme na kupanuliwa 2025 kuingiza chuma, saruji na alumini, linaweza kuifikisha gharama hiyo kwa mnunuzi kupitia bei. Kwa sasa vibali vingi hutolewa bure, kwa hiyo kinachomfikia ni kidogo mno.

Kuna shida nyingine, ya kikazi zaidi. Majedwali ya kina ya mikoa ya China hutengenezwa kwa miaka inayoishia na 2 na 7, kisha hukawia kutoka. Mpangaji anayegawa malengo ya leo anaangalia picha ya zamani, na katikati hapo kiwanda kizima kinaweza kuwa kimeshahama. Kabla ya kuandika lengo la mkoa wowote, kwanza aulize ni matanuru gani yamehama tangu mwaka wa takwimu za jedwali lile, na chuma chake sasa kinakwenda wapi.