Pumziko la Sabato: maana yake, na ni la nani

Katika Biblia, pumziko ni kuacha kazi kwa makusudi, hata kama haijaisha, kwa kuwa Mungu amesema iachwe. Mengine yote katika fundisho hili yanatoka hapo: siku ya saba, mwaka wa saba ambao mashamba hayalimwi, hata ile raha ambayo Waraka kwa Waebrania unasema imesalia kwa watu wa Mungu.

Wengi wetu tunalielewa kinyume. Tunasema "nitapumzika nikimaliza," na kwa kuwa shughuli haziishi, pumziko linasogezwa mbele mwezi hadi mwezi. Tukifuata mpangilio wa Mwanzo sura ya 1 na ya 2, mwanadamu aliumbwa siku ya sita. Siku nzima ya kwanza aliyoiona, basi, ilikuwa ya pumziko, kabla hajalima hata tuta moja. Hakuwa ametimiza lolote la kumstahilisha.

Amri ya Sabato, ambayo Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya tatu na Waprotestanti wengine wengi ya nne, imeandikwa mara mbili katika orodha za Amri Kumi, na kila mara ina sababu yake. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu mwenyewe alipumzika. Hiyo tunaihubiri sana. Katika Kumbukumbu la Torati 5 sababu ni utumwa: kumbukeni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Hii ya pili haisikiki sana mimbarini, nami naona ndiyo inayotugusa zaidi leo.

Maana Misri ilikuwaje? Kutoka sura ya 5 inaeleza. Musa na Haruni walikwenda kwa Farao kuomba watu waruhusiwe kwenda jangwani kumfanyia Mungu sikukuu. Farao akajibu kwamba watu hao ni wavivu. Akaamuru wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali ya kila siku isipunguzwe hata moja. Hesabu ilipopungua, wasimamizi wao wakapigwa. Watu waliotoka katika maisha hayo ndio wanaoambiwa waache kazi siku moja kila juma. Na hawaambiwi wao peke yao. Amri inataja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango, kisha inatoa lengo waziwazi: mtumwa na mjakazi "wapumzike vile vile kama wewe."

Sasa tuingie katika nyumba ya Mkristo wa Dar es Salaam au Nairobi siku ya Jumapili. Dada wa kazi ameamka alfajiri, amepiga pasi nguo za ibada, amewaogesha watoto, kisha amebaki jikoni kupika pilau la wageni watakaotoka kanisani. Familia inarudi, inakula, inajinyoosha kwenye makochi. Yeye anaosha masufuria. Wote wamepumzika isipokuwa yule ambaye amri ilimtaja wazi. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu nyumba hizo ni zetu, na huyo binti mara nyingi ni muumini mwenzetu. Sheria za nchi nazo zimeliona: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 za mapumziko kila wiki, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka angalau siku moja katika kila siku saba. Itakuwa aibu sheria ya serikali imhurumie kuliko anayelala na Biblia kando ya kitanda.

Manabii na viongozi walilishika jambo hili upande huohuo. Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliokuwa wakihesabu saa Sabato ipite warudi kuuza nafaka kwa mizani ya udanganyifu. Liwali Nehemia alifunga malango ya Yerusalemu jioni ya kuamkia Sabato, wachuuzi wakalala nje ya ukuta.

Yesu hakuifuta maana hiyo. Aliposema "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato," aliirudisha kwa wenyewe, waliokuwa wamezidishiwa masharti. Katika Luka 13 alimponya siku ya Sabato mwanamke aliyepinda mgongo kwa miaka 18, akiuliza kama haikupasa afunguliwe kifungo chake siku hiyo. Hata wanafunzi wake, waliporudi kutoka utume wakiwa wamezongwa na watu hadi wakakosa nafasi ya kula, aliwaita kando: "Mkapumzike kidogo." Umati ukawatangulia walikokuwa wakienda, naye akauhurumia, akaufundisha. Pumziko la Kikristo, kwa hiyo, halimfungi mtu asimsaidie mwenye shida.

Kuhusu siku yenyewe, Wasabato wanashika Jumamosi. Makanisa mengine mengi yanakutana Jumapili kwa sababu ya ufufuo, na mwaka 321 mfalme Konstantino aliifanya kuwa siku ya mapumziko katika dola ya Roma. Mjadala huo ni mrefu na sitauingia hapa.

Lipo swali zito zaidi: mama ntilie au dereva wa bodaboda anayekula alichopata leo, atapumzikaje? Jangwani Mungu alitoa mana maradufu siku ya sita ili siku ya saba pasiwe na njaa. Aliyeamuru pumziko aliligharimia. Kumwambia mtu wa kipato cha siku kwamba amekosa imani tu, ndiyo maana anafanya kazi Jumapili, ni kumpa mzigo wa Farao kwa jina la Mungu. Ushirika unaoamini Sabato unaweza kumsaidia akapata hiyo siku: mfuko wa jumuiya, chakula cha pamoja baada ya ibada, bosi Mkristo asiyedai hesabu ya pikipiki siku hiyo.

Nyumbani mambo ni mepesi kuliko tunavyodhani. Pika Jumamosi, kama Waisraeli walivyooka na kuchemsha siku ya sita, na Jumapili kila mtu apakue na kuosha sahani yake. Dada wa kazi apewe siku inayojulikana tangu mwanzo wa mwezi, asiyohitaji kuiomba, na mshahara wake usikatwe. Muuguzi, mlinzi na mchungaji, ambao Jumapili ni siku yao ya kazi, nao wachague siku nyingine, na waumini wasimpigie mchungaji simu siku hiyo ila kwa msiba au ugonjwa.